Namba moja ya kanisa, wazee wapokee kwa zamu
Namba ya kwenye bango iwe laini iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, si ya mchungaji. Akihamishwa, namba inabaki usharikani. Kila Jumapili baada ya ibada, katibu apige **21*namba ya mzee wa zamu# kwenye laini hiyo, ili simu zote zielekezwe kwa mzee huyo. Anayepiga usiku ana msiba au mgonjwa atampata mzee moja kwa moja. Maelekezo hayo yanakaa kwenye mitambo ya mtandao, kwa hiyo hata simu ya kanisa ikizima chaji kabatini, simu zinapita tu. Kuondoa ni ##21#. Vocha ikiisha inakwama, maana kumfikia mzee hulipiwa na laini ya kanisa. SMS na WhatsApp hazihamii kabisa. Lazima mtu azisome kwenye simu yenyewe.