Familia ikihamia penye hali ya hewa tofauti: jinsi ya kuusaidia mwili uzoee

Kabla ya kufunga mizigo, tafuteni mambo manne kuhusu mahali mnakohamia: baridi ya alfajiri hushuka hadi nyuzijoto ngapi, joto la mchana hupanda hadi ngapi, hewa ina unyevu kiasi gani, na pako mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Msitosheke na wastani. Mahali penye wastani wa nyuzijoto 24 panaweza kuwa na alfajiri ya 10 na mchana wa 38, na aliyepanga nguo kwa kufuata wastani atatetemeka asubuhi na kuungua jua likishapanda.

Kati ya hayo manne, unyevu ndio unaosahaulika. Nyuzijoto 33 katika hewa kavu huvumilika ukiwa kivulini. Nyuzijoto hizohizo penye unyevu wa asilimia 80 huchosha hata aliyekaa tu, kwa sababu kinachopoza mwili ni jasho kukauka juu ya ngozi. Lisipokauka, linachuruzika tu na kuondoka na maji na chumvi bila faida yoyote.

Mkitoka kwenye baridi kwenda kwenye joto

Mtu mzima mwenye afya huzoea joto kwa siku 7 hadi 14, ilimradi akutane nalo kila siku. Siku za kwanza mwili huongeza maji katika damu, na hapo moyo huacha kwenda mbio kwa kazi ndogo. Baadaye jasho huanza kutoka mapema, huwa jingi, na chumvi inayopotea nalo hupungua. Anayeshinda kwenye kiyoyozi kutwa nzima haupi mwili nafasi ya kufanya kazi hiyo, na atashangaa mbona mwezi wa pili bado anataabika kama siku aliyofika. Kiyoyozi kitumike usiku ili watu walale. Mchana tokeni nje kwa vipindi vifupi, asubuhi na jioni, mkiongeza muda kidogo kila siku.

Siku ya hatari kuliko zote ni ile ya kushusha mizigo. Lori limefika saa saba mchana, kila mtu anataka kumaliza, na miili bado imezoea baridi. Siku hiyo shusheni vitanda, vyandarua, vyombo vya kupikia na vya maji; makabati yasubiri jioni au kesho yake. Kwa mfanyakazi mgeni kwenye joto kali, kipimo kinachoshauriwa ni asilimia 20 ya kazi ya kawaida siku ya kwanza, kisha nyongeza isiyozidi asilimia 20 kila siku. Kipimo hicho kinafaa hata kwa mama anayefagia ua au kijana anayetaka kucheza mpira.

Anayefanya kazi juani anywe maji robo lita kila baada ya dakika 15 hadi 20, asingoje kiu. Asizidishe lita 1.4 kwa saa, maana maji matupu yakizidi huzimua chumvi ya damu, na hilo nalo ni hatari. Kwa waliokaa nyumbani, mkojo ndio kipimo: ukiwa wa manjano hafifu mambo ni sawa, ukiwa na rangi iliyokolea kama ya chai, mwili unadai maji. Mtoto akiharisha au kutapika, mpeni maji ya ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Pakiti ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Msikadirie kwa macho: chumvi ikizidi humdhuru mtoto.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya hahitaji maji hata joto likiwa kali. Anahitaji kunyonyeshwa mara nyingi zaidi, na mama yake ndiye anywe maji. Anayetumia maziwa ya kopo atengenezewe kwa vipimo vilevile vya kwenye kopo, yasiongezwe maji. Dalili za kukaukiwa ni nepi kukaa kavu kwa saa nyingi, kulia bila machozi, na utosi kubonyea. Ukiona hayo, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kuna desturi moja ya baridi ambayo familia nyingi huhama nayo bila kujua: kumpaka mtoto mafuta mazito kila baada ya kuoga. Penye joto mafuta hayo huziba matundu ya jasho, na baada ya siku mbili tatu shingoni, mgongoni na kwenye mikunjo ya mapaja hutokea vipele vidogo vyekundu vinavyowasha. Hiyo ni harara. Dawa yake ni kuacha mafuta, kumwogesha kwa maji ya kawaida, kumkausha vizuri kwenye mikunjo na kumvika pamba nyepesi. Akiwa ndani, nepi peke yake inatosha.

Nyumba nayo ina saa zake. Hewa ya nje ikiwa na joto kuliko ya ndani, fungeni madirisha na mapazia. Jua likitua na hewa ikipoa, fungueni pande mbili zinazotazamana ili upepo upite. Kivuli kilicho nje ya dirisha, kama turubai au mkeka, hufaa kuliko pazia la ndani, kwa sababu pazia huzuia joto likiwa limeshapita kwenye kioo. Feni husaidia, ila hewa ikifika nyuzijoto 40 inachopuliza ni joto tu. Hapo jimwagieni maji au jifunikeni kitambaa kibichi. Lengeni ndani pasizidi nyuzijoto 32 mchana na 24 usiku, hasa penye wazee.

Mtu akianza kuchanganyikiwa, kuongea maneno yasiyoeleweka au kuanguka, na mwili wake ni moto, hicho ni kiharusi cha joto. Iteni gari la wagonjwa au mpelekeni hospitali, na wakati huohuo mmwagieni maji ya baridi mwili mzima huku mkimpepea. Msisubiri kufika hospitali ndipo apozwe. Dakika hizo ndizo zinazookoa ubongo. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Pengine joto linakuja pamoja na malaria. Aliyekulia mahali pasipo malaria hana kinga, na aliyewahi kuwa nayo huipoteza akikaa mbali nayo kwa miaka. Kila kitanda kiwe na chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza, na homa yoyote ipimwe ndani ya saa 24. Msiseme ni uchovu wa safari.

Mkitoka kwenye joto kwenda kwenye baridi

Mwili hauzoei baridi kwa kiwango unachozoea joto. Hapa mavazi na nyumba ndivyo vinavyofanya kazi kubwa, na koti moja zito halifikii nguo tatu zilizovaliwa moja juu ya nyingine: ya ndani ya kubana inayoondoa jasho kwenye ngozi, ya kati ya sufu au manyoya bandia ya kutunza joto, ya nje ya kuzuia upepo na mvua. Nguo ya ndani isiwe ya pamba kwa anayetembea au kufanya kazi nje, kwa kuwa pamba ikilowa jasho hukaa mbichi na kuunyonya mwili joto lake. Mtoto mchanga avae nguo moja zaidi ya ile inayomtosha mtu mzima, lakini akilala asifunikwe kichwa. Kwenye kiti cha gari vueni koti lake nene kabla ya kufunga mkanda, kisha mtandikeni blanketi juu. Koti hufanya mkanda ulegee, na gari likigonga mtoto huchomoka.

Tunaomba hili lisomwe mara mbili: jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya joto, hata likiwa halitoi moshi. Mkaa uliokolea hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na watu hufa usingizini. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu kadhaa wa nyumba moja kwa pamoja. Tokeni nje kwanza, maswali yafuate.

Chumba kiwe na angalau nyuzijoto 18. Familia mpya kwenye baridi huziba kila tundu, huanika nguo ndani, na baada ya mwezi kuta zinaota ukungu mweusi nyuma ya makabati. Mvuke wa kupikia, wa kuoga na wa pumzi unagota kwenye ukuta wa baridi na kugeuka maji. Fungueni madirisha wazi kabisa kwa dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni, na sogezeni makabati mbali kidogo na kuta za nje.

Hewa kavu hupasua midomo na kutoa damu puani. Damu ikitoka, mtu ainamishe kichwa mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia kuchungulia. Asilaze kichwa nyuma, damu itamwingia kooni. Huku ndiko mafuta mazito ya kupaka yanakofaa.

Mwinuko, dawa na vyombo

Juu ya mita 2,500, kichwa kuuma na kukosa usingizi siku za kwanza ni kawaida. Kukosa pumzi ukiwa umekaa si kawaida. Teremkeni mara moja na mtafute daktari. Maji nayo huchemka yakiwa na joto dogo zaidi, pungufu nyuzijoto 1 hivi kwa kila mita 300, kwa hiyo vyakula vigumu huchelewa kuiva, na maji ya kunywa juu ya mita 2,000 yachemke dakika 3 badala ya 1. Miale ya jua huko ni mikali hata hewa ikiwa ya ubaridi, kwa hiyo kofia ibaki kichwani.

Anayetumia dawa za kuongeza mkojo, za presha au za kisukari amwone daktari kabla ya kuhama, maana joto hubadilisha mahitaji yake. Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Isisafiri kwenye buti la gari. Mwenye pumu aweke mfukoni kifaa chake cha kuvutia dawa, kwa kuwa hewa ya baridi na kavu huamsha pumu.

Vifaa vya umeme vilivyosafiri kwenye baridi visiwashwe vikiingia ndani penye joto. Vifungeni kwenye mifuko yake saa kadhaa, hadi unyevu uliogandia ndani ukauke.

Mkirudi kusalimia nyumbani kwa mwezi mzima, mwili husahau sehemu kubwa ya ulichozoea. Mkirejea kwenye joto, anzeni tena kwa hesabu ya asilimia 20 ya kazi.