Kusawazisha sauti kiotomatiki, hewani na kwenye rekodi

Katika matangazo ya moja kwa moja, programu haijui neno lijalo litatamkwa kwa nguvu kiasi gani, hivyo huifuata sauti na kuirekebisha baada ya kuisikia; rekodi, kinyume chake, inaweza kupimwa yote kwanza, kisha ikapandishwa au kushushwa kwa kiasi kimoja pasipo kugusa mpando na mshuko wa mazungumzo. Kwa sababu hiyo, mipangilio ya hewani haifai kuhamishiwa kwenye rekodi bila kufikiri.

Kwa mahojiano yanayorushwa kupitia OBS Studio, programu ya kurushia matangazo, anza na maikrofoni kabla ya kugusa kichujio chochote, yaani kifaa cha ndani ya programu kinachobadilisha sauti. Kila mzungumzaji aseme kama atakavyosema hewani, nawe urekebishe hadi kipimo kiingie kwenye rangi ya njano, yaani kati ya desibeli -20 na -9. Iwapo mgeni anaingia kwa Zoom, azime urekebishaji wa sauti uliomo humo, kwani mifumo miwili ikisawazisha sauti ileile hugombana.

Kisha weka kompresa, kichujio kinachopunguza sauti inapokuwa kubwa, kwenye kila maikrofoni peke yake, maana ikiwekwa kwenye mchanganyiko, kicheko cha mmoja kitaizamisha sauti ya mwenzake. OBS huileta ikiwa na kizingiti (kiwango ambacho sauti ikikivuka huanza kupunguzwa) cha desibeli -18 na uwiano wa 10:1, ambao kwa maoni yangu ni mkali mno kwa usemi. Uwiano wa 3:1 unatosha: sauti iliyovuka kizingiti kwa desibeli 9 itakivuka kwa 3 tu. Muda wa kuachia, yaani muda ambao kompresa huchukua kuacha kupunguza sauti ikishashuka, ambao huja ukiwa milisekunde 60, upandishe hadi 150 au 200. Ukiwa mfupi sana, mvumo wa feni hupanda kila mzungumzaji anapovuta pumzi. Rudisha desibeli 3 au 4 zilizopotea, kisha weka limita, kichujio kinachozuia sauti isipite kikomo ulichoweka, iwe ya mwisho, kwa sababu vichujio hufanya kazi kutoka juu kwenda chini.

Kwenye rekodi, usisawazishe kwa kutazama kilele pekee, yaani pale sauti ilipopanda juu kabisa, kwani kofi moja la mezani huweza kuizuia saa nzima ya maongezi isipande. Tumia LUFS, kipimo kinachokadiria ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia na ambacho huacha vipande vya ukimya nje ya hesabu. Mwaka 2010, Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulichagua LUFS -23 kwa vituo vyake. Kwa podikasti, Apple hupendekeza takriban -16, na kilele kisizidi desibeli -1.

Audacity, programu ya kuhariri sauti, ina amri ya kazi hii kwenye menyu ya athari, lakini mimi hupendelea FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, kwa mizunguko miwili. Mzunguko wa kwanza hupima tu (I ni LUFS unazolenga, TP ni kikomo cha kilele, na LRA ni upana wa mpando na mshuko wa sauti):

ffmpeg -i mahojiano.wav -af loudnorm=I=-16:TP=-1.5:LRA=11:print_format=json -f null -

Katika wa pili, rudia kichujio hicho ukikiongezea takwimu zilizopatikana, kila moja kwa jina lake: measured_I, measured_TP, measured_LRA na measured_thresh, pamoja na linear=true, kisha uandike -ar 48000 kabla ya jina la faili jipya. Soma mstari wa normalization_type katika majibu ya mzunguko huu: ukionyesha dynamic badala ya linear, programu imeacha kupandisha kwa kiasi kimoja na imeanza kuifukuza sauti kama ifanyavyo hewani, mara nyingi kwa sababu vilele ni virefu mno. Vipunguze kwa limita, kisha upime upya.