Jinsi ya Kuomba Nafasi ya Uanagenzi wa Ufundi wa Mashine za Mazoezi

Mashine ya kukimbilia inapozima huku mtu yuko juu yake, fundi asiye na subira hubadilisha bodi inayodhibiti mota. Siku chache baadaye bodi mpya nayo inaungua, kwa sababu mkanda ulikuwa mkavu tangu mwanzo na hakuna aliyeugusa. Wanaochukua wanagenzi wanaijua vizuri hasara hiyo. Kila hatua ya maombi, kuanzia barua hadi jaribio la mikono, inamtafuta mtu anayefuata dalili mpaka kwenye chanzo na kuandika alichokiona. Andaa maombi yako ukilizingatia hilo.

1. Chagua mahali pa kuomba

Nafasi hupatikana kwa mawakala wa watengenezaji, kwa kampuni za huduma zinazozunguka kwenye kumbi za mazoezi, hoteli, shule na hospitali, na kwenye kumbi kubwa zenye fundi wao wenyewe. Kwa wakala utaijua chapa moja kwa kina, ukiwa na vitabu vya ufundi na vipuri halisi. Kwenye ukumbi utashika mashine zilezile mwaka mzima, jambo linalofundisha matengenezo ya ratiba lakini linakunyima hitilafu za aina nyingi. Kwa anayeanza tunapendelea kampuni ya huduma, kwa sharti moja: awepo fundi mzoefu utakayetoka naye kila siku.

Kabla ya kuandika chochote, piga simu au fika uulize: nani atanisimamia? Kuna karakana ya kufungulia mashine? Mnafanya ukaguzi wa ratiba, au mnaitwa tu mashine ikiharibika? Mkataba wa uanagenzi unasajiliwa kwenye mamlaka ya mafunzo ya ufundi? Ukijibiwa "tutaona" kwenye swali la mwisho, tafuta kwingine. Utabeba mashine ngazini kwa miezi na kutoka bila cheti.

2. Kusanya nyaraka

Kwa kawaida utahitaji kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule vinavyoonyesha alama za hisabati na fizikia, picha ndogo, wasifu wa ukurasa mmoja na majina ya wadhamini wawili. Kampuni zinazotuma mafundi majumbani mwa watu huomba pia hati ya tabia njema kutoka polisi, na hiyo iombe mapema kuliko zote kwa kuwa haipo mikononi mwako. Leseni ya udereva ikiwepo, iweke, maana kazi hii ni ya kuzunguka.

Cheti cha afya kinaweza kutakiwa pia. Fanya na kipimo cha kutofautisha rangi hata kama hukuombwa, kwa sababu nyaya hutambuliwa kwa rangi, na ni bora ulijue hilo kabla ya kukaa mbele ya bodi iliyofunguliwa.

Kinachorudisha mafaili mengi ni majina. Kitambulisho kina majina matatu, cheti cha shule kina mawili, na wasifu umeandikwa kwa tahajia nyingine kabisa. Linganisha herufi kwa herufi. Zikitofautiana, ambatisha hati ya kiapo inayothibitisha kuwa majina yote ni ya mtu mmoja. Ukituma kwa intaneti, skani kila hati iwe faili lake na uliite kwa jina lako pamoja na aina ya hati. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono wako haisomeki, na ofisa hatakupigia kuomba nyingine.

3. Andika barua ya maombi

Ukurasa mmoja unatosha. Aya ya kwanza itaje nafasi unayoomba na lini unaweza kuanza. Aya ya mwisho iseme nyaraka ulizoambatisha. Uzito wote uwe katikati, kwenye kitu ulichowahi kukirekebisha kwa mikono yako, hata kama hakihusiani na mazoezi. Kieleze kwa mpangilio wa fundi: dalili, kipimo, chanzo, marekebisho, matokeo. Kwa mfano:

*"Cherehani ya umeme ilikuwa ikizima kila baada ya dakika tano. Nilipima fyuzi na swichi, zote zilikuwa nzima. Mota ilikuwa ya moto kuliko kawaida na gurudumu lilikuwa zito kuzungusha kwa mkono. Nilikuta nyuzi zimejiviringisha kwenye ekseli. Nilizitoa, nikatia mafuta, ikashona saa nzima bila kuzima."*

Msomaji wa barua hiyo, kama ni fundi, ataona mara moja kuwa mwandishi angeweza kuelewa mashine ya kukimbilia yenye mkanda mkavu: mzigo unaongezeka, mota inavuta umeme mwingi, joto linapanda, kifaa kinajizima. Aya nzima ya "mimi ni mchapakazi na nina ari ya kujifunza" haimwambii lolote. Usidai umefanya usichokifanya, kwani barua hiyohiyo ndiyo atakayoishika mkononi siku ya usaili.

4. Jaza fomu

Kisanduku kinachowakwamisha wengi ni cha fani. Orodha za fani za ufundi mara nyingi hazina mashine za mazoezi, na mwombaji huandika "nyinginezo" kisha fomu ikapotelea huko. Ulizia kampuni wanagenzi wao husajiliwa chini ya fani gani. Mara nyingi ni umeme, mekanika, au fani inayounganisha vyote viwili. Ukiachiwa uchague, chagua ile iliyounganisha, kwa kuwa nusu ya kazi ni beringi, mikanda na kebo, na nusu ni mota, vihisi na bodi.

Sehemu isiyokuhusu iandike "haihusiki". Ukiiacha wazi utaonekana umesahau. Mwombaji aliye chini ya umri wa utu uzima ahakikishe mzazi au mlezi ametia sahihi mahali pote panapotakiwa. Tunza nakala ya fomu iliyojazwa na stakabadhi ya mapokezi.

5. Jiandae kwa jaribio la mikono

Hapa ndipo nafasi hupatikana au hupotea. Waajiri wengi humpa mwombaji saa moja au mbili karakanani, na hawategemei ujue kila kitu. Wanaangalia mpangilio wa mikono yako.

Anza na usalama hata kama hujaambiwa. Zima swichi, chomoa plagi, iweke mahali unapoiona. Subiri taa za bodi zizime, kisha pima kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) kabla ya kugusa. Kapasita za bodi ya mota hutunza umeme baada ya plagi kutoka, na umeme wa volti 230 ukishageuzwa kuwa mkondo mnyoofu (DC) hufika takriban volti 325. Mwombaji anayetia bisibisi ndani bila kupima huwa amemaliza jaribio lake hapo.

Mashine ya kukimbilia ndiyo mtihani wa kawaida. Ukiambiwa mkanda unakwama mtu akikanyaga, angalia rola ya mbele. Kama rola inaendelea kuzunguka huku mkanda wa kukanyagia umesimama, mkanda huo ndio umelegea. Kama rola nayo imesimama lakini mota inazunguka, tatizo ni mkanda mdogo unaounganisha mota na rola. Dalili moja, vyanzo viwili, na anayekimbilia kukaza boli za nyuma bila kuangalia rola amebahatisha.

Kabla ya kukaza, inua ukingo wa mkanda katikati ya mashine. Kwenye mashine nyingi za nyumbani unapaswa kuinuka sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye ubao, ila kitabu cha mashine husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Kaza boli zote mbili za nyuma kwa kiasi sawa, robo mzunguko kila safari, kisha jaribu tena. Kukaza kupita kiasi kunaua beringi za rola na kuitwisha mota mzigo usio wake. Mkanda ukihamia kushoto, kaza boli ya kushoto robo mzunguko, washa mashine kwa mwendo wa kutembea, subiri uone umetulia wapi kabla ya kugusa tena. Watu wengi huharibu hapa kwa haraka: wanakaza, hawasubiri, wanakaza tena, na mkanda unakimbilia upande wa pili.

Ukavu hupimwa kwa kupitisha vidole chini ya mkanda mashine ikiwa imezimwa. Ukipapasa sehemu inayokanyagwa zaidi unapaswa kuhisi utelezi mwembamba wa silikoni, kilainishi cha mkanda. Ukikuta vumbi la kijivu na ubao umekwaruzika, kulainisha hakutatosha. Usitumie mafuta ya kawaida ya mashine, kwa sababu huharibu mkanda. Mashine nyingine zina ubao uliotiwa nta kiwandani, na hizo hazitiwi silikoni kabisa, kwa hiyo uliza kwanza ni ya aina gani. Ukipewa ampimita ya kubana, yaani kipimo cha mkondo kinachoubana waya kwa nje, pima mkondo mtu akitembea kabla na baada ya kulainisha, mwendo uleule, mtu yuleyule, na uandike namba zote mbili. Tofauti ya namba hizo inamshawishi msimamizi kuliko maelezo yoyote.

Kuna pia hitilafu ya kihisi cha mwendo: mashine inaanza, inachomoka kwa kasi, halafu inasimama na kutoa namba ya kosa. Bodi imekosa taarifa kutoka kwenye kihisi kinachosoma sumaku ya rola. Angalia waya na uchafu, kisha nafasi kati ya sumaku na kihisi. Kwenye mashine nyingi ni kama milimita 3. Rekebisha hapo kabla ya kuilaumu bodi.

Kwenye baiskeli, wanakutega kwa pedali. Pedali ya kushoto ina hesi (mikato ya parafujo) za kinyume: hufunguliwa kwa kuzungusha kuelekea kunakokaza nati ya kawaida. Tafuta herufi L na R kwenye ncha ya ekseli, paka grisi kidogo, anza kwa vidole, spana baadaye. Pedali iliyolazimishwa kwa upande usio wake hukata hesi za mkono wa pedali, na dawa yake ni kubadilisha mkono mzima.

Mashine za vyuma vya kuvuta ndizo tunazoziogopa zaidi, kwa sababu kebo ikikatika uzito unaanguka na mpini unaweza kumrudia mtu usoni. Kebo za kawaida huwa na chuma cha milimita 4.8 kilichovikwa nailoni hadi milimita 6.4. Ondoa mzigo, kisha ikague urefu wote kwa kitambaa mkononi, maana uzi wa chuma uliokatika huchoma kama sindano. Tazama hasa karibu na ncha zilizobanwa na mahali kebo inapopinda kwenye kapi. Nailoni iliyopasuka, uvimbe, au kebo iliyokunjika: mashine inafungwa na kebo inabadilishwa. Kebo iliyoharibika haizungushiwi utepe. Fimbo za kuongoza uzito zifute, upake silikoni nyembamba. Grisi nzito hukusanya vumbi na kuufanya uzito ukwame.

Fanya mazoezi ya multimita nyumbani kwa fyuzi, waya na betri. Kosa linalojulikana ni kupima ukinzani kwenye sakiti yenye umeme.

6. Usaili

Maswali huwa mafupi. Utaulizwa uelezee ulichofanya kwenye jaribio, na ungefanya nini kama mteja anadai mashine irudi kazini huku kebo imepasuka. Jibu ni kwamba unaifunga, unabandika tangazo na kuandika taarifa. Ukiweza kutaja kuwa viwango vya usalama vya mashine hizi vimo kwenye mfululizo wa ISO 20957, na kwamba sehemu ya 6 inahusu mashine za kukimbilia, utakuwa umeonyesha kuwa umesoma.

7. Soma mkataba kabla ya sahihi

Pendekezo namba 208 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 2023 kuhusu uanagenzi bora linataka mkataba wa maandishi. Utafute ndani ya mkataba wako muda wa mafunzo, malipo, saa za kazi, likizo, ujuzi utakaofundishwa, cheti utakachopata, ulinzi ukiumia kazini, na njia ya kuuvunja au kutatua mgogoro. Mkataba wa Kimataifa namba 138 wa shirika hilohilo wa mwaka 1973 unaweka miaka 18 kuwa umri wa chini kwa kazi za hatari, kwa hiyo aliye chini ya hapo aulize wazi ni kazi zipi za umeme hatazigusa, na ziandikwe. Uliza pia nani ananunua viatu vya usalama, glovu na vifaa vya mkononi. Kipengele kinachokudai fidia ya kila kipuri utakachoharibu ukijifunza usikikubali bila kujadiliana.

8. Daftari la kazi

Hakikisha unakabidhiwa daftari hili pamoja na nakala yako ya mkataba. Kila kazi iandike siku hiyohiyo: namba ya mashine, saa zilizosomwa kwenye skrini yake, dalili, kipimo cha kabla, ulichofanya, kipimo cha baada. Msimamizi atie sahihi kabla hamjaachana. Kurasa za miezi mitatu zilizosainiwa kwa mpigo, kwa kalamu moja, huzua maswali siku ya kutahiniwa, na wakati huo mashine zenyewe zimeshahamishwa na hakuna wa kuzithibitisha.