Somo: Kupitisha na Kubadili Faili Kubwa kwa Mkondo katika Seva ya Node.js

Msimu wa kahawa uliopita, chama kimoja cha msingi cha ushirika wilayani Mbozi kiliniomba nitengeneze ukurasa ambao karani angeutumia kupakua orodha ya mizani ya wakulima wote, kilo zikiwa tayari zimegeuzwa kuwa malipo. Faili lilikuwa la megabaiti 300 hivi, na seva ilikuwa na gigabaiti 1 tu ya kumbukumbu. Toleo langu la kwanza lilisoma faili zima, likalikata kuwa mistari, likapiga hesabu, ndipo likatuma jibu. Karani mmoja alipopakua, kazi ilikwenda kwa kusuasua. Makarani wawili walipopakua kwa wakati mmoja, seva ilizimika. Maandishi yaliyokwisha kukatwa mistari huchukua nafasi kubwa kuliko faili lilivyo kwenye diski, na kila ombi lilikuwa likijitengenezea nakala yake.

Hatua ya kwanza: soma kidogo kidogo. Badala ya kusoma faili zima, lifungue kwa `createReadStream` ya Node.js (mazingira ya kuendesha JavaScript kwenye seva), ambayo huleta data kama mkondo, yaani kipande baada ya kipande. Kwa kawaida njia hii huleta vipande vya kilobaiti 64, na kila kipande kikishatumika huachiliwa. Hivyo kumbukumbu inayohitajika haikui kadiri faili linavyokua.

Hatua ya pili: tunza kiporo. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nawasihi mkae hapa kwa muda. Kipande hakijui mstari unaishia wapi. Kinaweza kukatika katikati ya jina la mkulima au katikati ya kilo zake, 148 ikasomwa kama 14 na 8, na mtu akalipwa pungufu bila kosa lolote kuonekana. Kinaweza pia kukata herufi moja katikati: alama ’ iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka katika majina yenye ng’, ni baiti 3 katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti. Kwa hiyo kipande husomwa kwa `StringDecoder`, ambayo huzishikilia baiti zisizokamilika, na mstari usiokwisha huwekwa pembeni usubiri kipande kinachofuata.

```js
function kataMistari() {
  const kisomaji = new StringDecoder('utf8');
  let kiporo = '';
  return new Transform({
    readableObjectMode: true,
    transform(kipande, _, tayari) {
      const mistari = (kiporo + kisomaji.write(kipande)).split('\n');
      kiporo = mistari.pop();
      for (const mstari of mistari) this.push(mstari);
      tayari();
    },
    flush(tayari) {
      kiporo += kisomaji.end();
      if (kiporo) this.push(kiporo);
      tayari();
    }
  });
}
```

Msiisahau `flush`, ambayo huitwa data yote ikishapita. Bila hiyo, faili ambalo mstari wake wa mwisho haukufungwa kwa alama ya mstari mpya (`\n`) litampoteza mkulima wa mwisho kila siku.

Hatua ya tatu: unganisha kwa `pipeline`.

```js
await pipeline(
  createReadStream('mizani.csv'),
  kataMistari(), pigaMalipo(), createGzip(), jibu
);
```

Hapa `jibu` ni jibu linalotumwa kwa kivinjari, na `pigaMalipo` ni Transform nyingine (hatua ya mkondo inayobadili data inayopita), inayopokea mstari mmoja na kutoa mstari wenye malipo. Ukitumia gzip, yaani kubana data kabla ya kuituma, weka kichwa cha jibu cha `Content-Encoding` baada ya kuhakikisha kwamba kivinjari kimesema kinaikubali.

Aliyewahi kuona mpunga ukimwagiliwa Mbarali anajua kwamba lango la mfereji hufunguliwa kwa kadiri jaruba linavyoyapokea maji, na jaruba likijaa, lango hushushwa. `pipeline` hufanya vivyo hivyo: karani mwenye mtandao hafifu akipokea polepole, usomaji wa diski nao husubiri, na data hairundikani katikati. Ukiandika mwenyewe kwa `write`, jukumu hilo ni lako: ikirudisha `false`, simama mpaka tukio la `drain` litokee. Njia ya zamani ya `pipe` nayo husubiri, lakini karani akikata mtandao haifungi faili lililokuwa likisomwa, na mafaili yaliyoachwa wazi huongezeka kimya kimya. `pipeline` iliingia katika Node.js 10 mwaka 2018, na hufunga kila kitu kosa likitokea.

Hatua ya nne: kagua kabla ya kuanza kutuma. Kipande cha kwanza kikishaondoka, hali ya 200 (mambo sawa) imeondoka nacho na haiwezi kugeuzwa kuwa 500 (kosa la seva). Hakikisheni mapema kwamba faili lipo na kwamba safu wima zake ndizo mnazozitarajia.

Maswali ya wanachama wa kundi letu la kujifunza

Mwanachama, Mafinga: Mwalimu, data yangu iko kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, si kwenye faili. Je, somo hili linanihusu?

Jibu: Linakuhusu, ndugu. Hoja ya kawaida (query) huleta mistari yote ya jedwali kwenye kumbukumbu kwanza, kwa hiyo tumia kasa (cursor, kielekezi kinachokuwezesha kuchukua matokeo kidogo kidogo), uchukue mistari 500 hivi kwa zamu. Angalizo ni kwamba muunganisho wa hifadhidata utashikiliwa muda wote mteja anapopakua. Kama wateja wako wana mtandao wa polepole, ni bora uandike faili kwenye diski kwanza, uachilie muunganisho, kisha utume faili hilo.

Mwanachama, Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Nataka orodha ipangwe kuanzia malipo makubwa, na jumla iwe chini.

Jibu: Marahaba. Jumla ni rahisi: beba namba moja tu, uitoe ndani ya `flush`. Kupanga hakuwezekani ndani ya mkondo, kwa sababu mstari wa mwisho unaweza kuwa ndio unaostahili kuwa wa kwanza. Iachie hifadhidata kazi hiyo.

Mwanachama, Njombe: Makarani wawili wakipakua pamoja, mstari mmoja hutoka ukiwa na jina la huyu na kilo za yule.

Jibu: Bila shaka umetangaza `kiporo` nje ya fankisheni, na maombi yote yanakitumia kimoja. Kirudishe ndani, ili kila ombi liwe na chake, kisha linganisha tena malipo ya siku zote ambazo toleo hilo lilitumika.