Kufuga German Shepherd katika nyumba ya familia, Unguja na Pemba

German Shepherd ni mbwa wa kazi. Jamii yake ilianza kusajiliwa Ujerumani mwaka 1899, pale Max von Stephanitz alipomwandikisha dume wake Horand von Grafrath, na alichokitaka ni mbwa wa kuzunguka na kondoo kutwa bila kuchoka. Dume aliyekomaa huwa na kilo 30 hadi 40 na kimo cha sentimita 60 hadi 65 mabegani. Jike kilo 22 hadi 32, sentimita 55 hadi 60. Manyoya yake ni ya tabaka mbili, ya nchi za baridi. Ukimleta Fuoni, Bububu au Chake Chake, anakutana na joto la nyuzi 30 na zaidi, unyevunyevu, kupe wa mwaka mzima, na majirani ambao wengi wao hawataki mate ya mbwa yawaguse. Anaweza kuishi hapa vizuri miaka yake 9 hadi 13, lakini uwanja utangulie, mbwa afuate. Kwa anayekaa fleti ya Michenzani, au nyumba isiyo na ukuta, jibu letu ni hapana.

Uwanja na mipaka ya nyumba

Ukuta uwe mita 1.8 kwenda juu, na geti liwe na komeo ambalo mbwa hawezi kulisukuma kwa pua. Kwa vile anachimba, chini ya geti mwaga zege badala ya kuacha mchanga mtupu. Banda la kulala liwe na upana wa mita 1, urefu wa mita 1.3 na kimo cha mita 1, sakafu ikiinuliwa sentimita 15 kutoka ardhini ili maji ya masika yapite chini. Bati tupu humchoma mchana. Liezekwe makuti, au bati lifunikwe makuti. Kivuli cha muembe ni bora kuliko banda lolote, basi liweke hapo kama upo. Kumfunga mnyororo kutwa nzima ni kosa kubwa: mbwa wa namna hii akifungwa huanza kubweka ovyo, kuzunguka mahali pamoja, na mwisho kumrukia mtu.

Mipaka ya twahara ipangwe kabla hajafika. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, najisi ya mbwa huhama kwa unyevu. Kikavu kikigusa kikavu hakinajisiki. Kwa hiyo kinachotakiwa kudhibitiwa ni maji: bakuli lake la kunywea, maji ya kumwogeshea, na mbwa mwenyewe akiwa amelowa mvua. Bakuli liwekwe mbali na njia ya kutoka jikoni kwenda chooni. Maji ya banda yachimbiwe mfereji wa kwenda upande wa pili, yasipite mlangoni. Ndoo, beseni, brashi, taulo na mpira wa maji viwe vyake peke yake, na vipakwe alama ya rangi ili mgeni asichote navyo. Karibu na bomba weka ndoo ya udongo safi yenye mfuniko, kwa ajili ya kuosha mara saba, moja kwa udongo, kitu kikinajisika. Ndara za uwani zisiingie ndani. Kamba ya kuanikia kanzu na mabuibui ihamishiwe asikofika. Ukumbi, jikoni na mahali pa kusalia asiingie kabisa, tangu siku ya kwanza. Mbwa aliyeruhusiwa akiwa mdogo haelewi kwa nini anafukuzwa akiwa mkubwa. Wanazuoni wameruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda. Mwenye shaka na hali yake amuulize sheikh wake kabla ya kununua.

Majirani waarifiwe, na sheha pia. Saa za watoto kupita kwenda chuoni na saa za watu kwenda msikitini alfajiri, geti lifungwe na mbwa awe ndani. Mgeni akipiga hodi, mbwa huingizwa bandani kwanza, kisha ndiyo geti hufunguliwa.

Kumpata na kumchanja

Usimchukue kabla ya kutimiza wiki 8. Mwone mama yake akitembea: akiyumba nyuma au akiinuka kwa taabu, achana na uzao huo, kwani jamii hii hurithi ubovu wa nyonga. Mgongo ulioteremka sana kwa nyuma si uzuri, ingawa wauzaji wengine huusifia. Akitoka Bara, ulizia mapema Idara ya Mifugo kuhusu kibali na vyeti vya chanjo, kabla hujakata tiketi ya boti.

Chanjo ya kwanza ya parvo (ugonjwa wa kuhara damu), distempa (homa ya mbwa) na homa ya ini hutolewa kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Chanjo ya mwisho ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu kinga aliyoipata kwa maziwa ya mama inaweza kuzizuia zile za mwanzo zisishike. Wengi huishia ya pili, na mtoto hufa na parvo akiwa "amechanjwa". Ya kichaa cha mbwa huanzia wiki ya 12 na hurudiwa baada ya mwaka. Omba na ya leptospira, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya, maana panya wapo na madimbwi ya masika hukaa siku nyingi. Daktari akija nyumbani, hakikisha chanjo imetoka kwenye kisanduku cha barafu. Dawa ya minyoo ni kila wiki 2 mpaka atimize wiki 12, kila mwezi mpaka miezi 6, kisha kila miezi 3.

Mtu yeyote akiumwa na mbwa asiyejulikana chanjo zake, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishaanza hakuna tiba.

Watoto, wageni na mafunzo

Mpaka wiki ya 14 hivi, ubongo wa mtoto wa mbwa unapokea kila kitu kama cha kawaida. Baada ya hapo, asichokijua hukiogopa, na mbwa wa kilo 35 mwenye hofu ndiye anayeuma. Basi muda huo asikie adhana, bodaboda, jenereta na ngoma za harusi. Aone mwanamke aliyevaa nikabu, mzee mwenye bakora, watoto wa skuli wakikimbia. Kwa kuwa chanjo hazijakamilika, afanyiwe haya akiwa amebebwa au ndani ya geti, asishushwe jaani wala wanakopita mbwa koko.

Mfundishe kwa maneno mafupi, na nyumba nzima itumie yale yale: kaa, lala, njoo, acha. Baba akisema "kaa" na bibi akisema "tulia hapo", mbwa hafuati hata moja. Vipindi viwe vya dakika 5, mara 3 kwa siku, na ujira uwe kipande cha ini la kuchemsha, kikubwa kama punje ya hindi. Kumpiga humfundisha kuogopa mkono, na mkono wa mtoto hautofautishi na wako.

Mtoto wa chini ya miaka 6 asiachwe peke yake na mbwa huyu, hata akiwa mpole namna gani. Asimsogelee akila, akilala au akiwa na mfupa. Shepadi ana silka ya kuchunga: watoto wakikimbia huwazunguka na kuwabana visigino. Bado hajauma, lakini akiachwa atafika huko. Mwite, mkalishe, mpe kitu cha kubeba mdomoni.

Joto

Matembezi ni mara mbili, dakika 40 hadi 60 kila moja, moja kabla jua halijapanda na nyingine jua likishazama. Bandika mgongo wa kiganja chako barabarani. Kama huwezi kuvumilia sekunde 7, nyayo zake haziwezi pia. Usimnyoe. Manyoya yake humkinga na jua vilevile, na yakinyolewa huota vibaya. Mchane mara 3 kwa wiki, utoe yaliyokufa ili hewa ipite. Aoge kila wiki 4 au 6, na akitoka baharini asuuzwe kwa maji ya bomba, chumvi itoke. Ufukweni mfunge kamba, kwa sababu samaki bunju aliyetupwa na maji ana sumu ya kuua mbwa hata akiwa mkavu.

Katika mwaka, kaskazi, msimu wa joto, ndiyo hatari zaidi. Akihema kwa kasi bila kutulia, ulimi ukiwa mwekundu sana na mate yakivuta, pima joto lake kwa nyuma: la kawaida ni 38 hadi 39.2, na likifika 41 anakufa usipofanya kitu. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, huku ukimpepea kwa feni. Usimfunike taulo lililolowa, maana huzuia joto kutoka. Likishuka hadi 39.5 acha kummwagia, kisha mpeleke kwa daktari hata akionekana mzima, kwa kuwa figo huharibika polepole.

Kupe

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu wanamtibu mbwa na kuiacha nyumba. Kupe wa mbwa wa kahawia anakaa ukutani. Katika maisha yake hupanda kwa mbwa mara tatu, akiwa mchanga, akiwa kijana na akiwa mkubwa. Kila akishiba huanguka na kurudi kwenye ufa. Jike aliyeshiba hutaga mayai maelfu. Kuta zetu za mawe ya matumbawe, zenye plasta iliyobanduka, ni makao yake hasa, na makuti pia.

Kazi ifanywe hivi. Mpe mbwa kidonge cha kupe kinacholingana na uzito wake, cha mwezi mmoja au cha miezi mitatu, kwa ushauri wa daktari. Kama amewahi kupata kifafa, sema mapema. Siku hiyo hiyo toa matandiko yote, uyachome au uyachemshe. Ziba nyufa za banda na za ukuta ulio karibu kwa saruji, mpaka kimo cha kichwa cha mtu, kwa kuwa kupe hupanda juu. Pulizia dawa ya wadudu kwenye kona na chini ya paa, mbwa akiwa mbali mpaka ikauke. Rudia baada ya wiki 2, na tena baada ya wiki 2, na kidonge kisikatwe kwa miezi isiyopungua mitatu. Ukiacha mwezi wa kwanza kwa kuona mbwa yuko safi, mayai ya ukutani yatakurudisha mwanzo.

Kila jioni kagua ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani, chini ya mkia na chini ya ukosi. Mkamate kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja, mtie kwenye spiriti. Mafuta ya taa na njiti ya moto humfanya atapike ndani ya kidonda.

Dawa za ng'ombe zikae mbali. Ile ya kuogeshea ikizidi kipimo humwangusha mbwa. Sindano ya ivermectin ni mbaya zaidi, kwani baadhi ya mashepadi wana kasoro ya kurithi inayoiacha dawa hiyo iingie kwenye ubongo. Hutetemeka, hupofuka, hupoteza fahamu. Na kama nyumba ina paka, usitumie dawa ya matone yenye permethrin mgongoni mwa mbwa. Paka akijisugua naye anaweza kufa.

Homa ya kupe huanza kwa kukataa chakula na kulala sana. Tazama fizi: zikiwa nyeupe, au mkojo ukiwa na rangi ya kahawa, au damu ikimtoka puani, usingoje kesho.

Chakula

Mtoto mpaka miezi 12 ale chakula kikavu cha watoto wa mbwa wa jamii kubwa, bila kuongezewa vidonge vya kalsiamu. Kalsiamu ikizidi, mifupa hukua vibaya. Asinenepe, mbavu zipapaswe kwa urahisi.

Mtu mzima wa kilo 35 anahitaji gramu 400 hadi 500 za chakula kikavu kwa siku. Kwa anayepika, kadiria gramu 500 za wali au ugali na gramu 600 za nyama au samaki asiye na miba, vyote vikiwa vimeshaiva, pamoja na boga au mchicha na kijiko cha mafuta. Kwa kila kilo ya nyama changanya kijiko cha chai cha ganda la yai lililosagwa kuwa unga. Maini yasizidi sehemu moja kwa kumi. Dagaa waloweke na umwage maji mara mbili, wana chumvi nyingi. Unga wa mahindi wenye ukungu, ule unaouzwa rahisi kwa ajili ya mifugo, huua ini. Vitunguu maji, vitunguu saumu, chokoleti na mifupa iliyopikwa asipewe, wala mabaki ya mchuzi wa nazi, ambayo huwa na vitunguu na mafuta mengi. Maji ni lita 2 kwa siku, na 3 au zaidi wakati wa kaskazi.

Gawa chakula mara mbili, na asikimbie saa moja kabla na saa mbili baada ya kula. Kifua chake ni kirefu, na tumbo likijaa upepo linaweza kujizungusha. Dalili ni tumbo lililovimba kama ngoma, kutaka kutapika bila kutoa kitu, na kushindwa kulala. Hii hutibiwa kwa kupasuliwa, na muda ni wa saa chache tu. Kwa hiyo wiki ya kwanza ya kufuga, kabla halijatokea lolote, uliza daktari gani kisiwani kwako anaweza kumpasua mbwa usiku, andika nambari yake ukutani karibu na mlango, na ujue gari utakayompakia.