Jinsi ya kuchambua vyanzo vya msingi na vya upili: mfano wa Kilwa Kisiwani

Wanafunzi wengi huanza kwa kugawa vyanzo mafungu mawili: vya msingi (ushahidi wa wakati wa tukio lenyewe) huku, vya upili (maelezo ya baadaye yanayotegemea ushahidi wa wengine) kule. Kisha huamini fungu la kwanza na kulitilia shaka la pili. Hapo ndipo insha inapoharibika. Chanzo kilekile kinaweza kuwa cha msingi kwa swali moja na cha upili kwa swali jingine, kwa hiyo swali hutangulia.

Liwe swali finyu. "Historia ya Kilwa" ni mada tu, haikuelekezi pa kutafuta. "Mwaka 1331 nyumba za Kilwa zilijengwa kwa vifaa gani?" ni swali, kwa sababu unajua ni ushahidi gani ungelijibu.

Chukua Tarihi ya Kilwa, kitabu cha masimulizi ya watawala wa mji huo. Ilitungwa katika karne ya 16, nayo inasimulia jinsi watu wa Shirazi, mji wa Uajemi, walivyofika na merikebu saba na kukinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote, mambo ya karne nyingi kabla ya mtunzi kuzaliwa. Nakala ya Kiarabu tuliyonayo iko London, na ilinakiliwa karne ya 19. Mreno João de Barros naye alichapisha muhtasari wa toleo jingine mwaka 1552, na matoleo hayo mawili hayaafikiani katika orodha ya watawala wala miaka yao. Ukiuliza nani aliianzisha Kilwa, hiyo ni habari ya kupokezana, yaani chanzo cha upili kilichovaa kanzu ya kale. Ukiuliza wakubwa wa Kilwa wa karne ya 16 walitaka asili yao ikumbukwe vipi, ni chanzo cha msingi, tena bora kuliko vyote ulivyo navyo.

Baada ya swali, tengeneza kadi moja kwa kila chanzo, na uijaze kabla ya kunukuu hata sentensi moja. Kwa safari ya Ibn Battuta kufika Kilwa kadi itasomeka hivi:

- Aliyeshuhudia: Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier.
- Aliyeandika: Ibn Juzayy, karani aliyesomewa masimulizi.
- Tukio: 1331. Maandishi kukamilika: 1355. Pengo: miaka 24.
- Mahali pa kuandikia: Moroko, kwa amri ya sultani wa huko.
- Lugha ya asili: Kiarabu. Unachosoma wewe: tafsiri, na ya nani.

Mstari wa pengo ndio unaorukwa zaidi, na ndio wenye kazi kubwa. Miaka 24 haimfanyi mtu mwongo, ila vipimo, majina na mpangilio wa miji huchanganyika. Mstari wa aliyeandika nao una uzito wake: karani wa fasihi hupamba, na sifa za mji zinaweza kuwa za kalamu yake.

Sasa soma kipande chenyewe polepole, ukigawa ukurasa wa daftari safu tatu: alichokiona, alichoambiwa, alichohukumu. Wenyeji waliochanja alama usoni wanaingia safu ya kwanza. Kwamba Sofala, bandari iliyo kusini, iko mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa ni safu ya pili, maana mwenyewe anasema aliambiwa na mfanyabiashara. Kwamba Kilwa ni katika miji mizuri kabisa ni safu ya tatu. Ukimaliza utashangaa jinsi safu ya kwanza ilivyo fupi. Hiyo pekee ndiyo unayoweza kuiita ushahidi wa macho.

Kisha linganisha na chanzo cha aina nyingine. Hapa mfano wa nyumba unanoga. Ibn Battuta anasema mji umejengwa kwa miti, na paa zake ni za makuti au majani. Lakini Husuni Kubwa, jumba la mawe ya matumbawe lenye vyumba zaidi ya 100, lilikuwepo katika nusu ya kwanza ya karne hiyohiyo ya 14, na humo limepatikana jiwe lenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani yuleyule aliyempokea mgeni. Msikiti Mkuu nao ni wa mawe. Wareno walipofika 1505 waliandika habari za nyumba za ghorofa, za mawe na chokaa.

Usikimbilie kusema fulani kakosea. Andika maelezo yanayowezekana, na kando ya kila moja, jinsi ya kulipima. Pengine alieleza nyumba za watu wengi: tazama kama wachimbaji walikuta mabaki ya nyumba za miti na udongo (walikuta). Pengine kumbukumbu ilichanganya miji: soma anavyoieleza Mombasa, uone kama maneno yanafanana. Pengine neno limeharibika katika kunakiliwa: linganisha tafsiri mbili. Na ushahidi wa 1505 usiupe nguvu usiyostahili, kwa kuwa umepita miaka 174, muda wa kutosha mji kujengwa upya.

Ukilinganisha, hakikisha mashahidi hawakunywa kisima kimoja. Vitabu vitano vinavyosema jambo moja kwa kutegemea Tarihi ni shahidi mmoja. Fuata tanbihi hadi mwisho wake. Mara nyingi zote huishia ukurasa uleule.

Vyanzo vya upili visome kwa kuanzia mwaka wa kuchapishwa. Jiulize mwandishi alikuwa na ushahidi gani mezani siku hiyo. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na kuchapisha matokeo 1974, aliweka mwanzo wa utawala wa Kishirazi karibu na mwaka 1200, akitegemea sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan na tabaka za udongo zilikopatikana. Sarafu hizo hazina tarehe. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilifukuliwa akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, nyingine za jina hilohilo, pamoja na dinari za dhahabu zenye tarehe, ya mwisho ikiwa karibu na 1066. Tarehe ya Ali ikarudi nyuma zaidi ya karne moja. Chittick hakuzembea, alihukumu kwa alichokuwa nacho. Anayekosea ni mwanafunzi wa leo anayenakili 1200 bila kutazama kilichoandikwa baadaye.

Hata hivyo angalia sarafu inathibitisha nini hasa: kwamba palikuwa na mtu wa jina hilo mwenye mamlaka ya kupiga sarafu. Haisemi alitoka Shirazi, wala kwamba ndiye Ali anayetajwa na Tarihi kuwa mwanzilishi wa utawala huo. Ukiruka hatua hiyo umeirudisha Tarihi kwa mlango wa nyuma.

Masimulizi ya wazee nayo yana kadi yake: msimulizi alisikia kwa nani, lini, na ukoo wake unafaidika vipi na toleo hilo.

Unapoandika, acha kiwango cha uhakika kionekane kwenye kitenzi. "Ibn Battuta anadai", "sarafu zinaonyesha", "Chittick alikadiria" ni madai matatu yenye uzito tofauti. Na kama ulisoma tafsiri, taja mfasiri na ukurasa wake badala ya kuandika kana kwamba uliona Kiarabu.