Jinsi ya Kulinganisha Magari ya Umeme kwa Programu Zake na Urahisi wa Kuyatumia

Anayelinganisha magari mawili ya umeme kwa kawaida huanza na umbali ambao betri inaweza kumfikisha, kasi ya kuchaji na bei, kisha huziangalia programu mwishoni kana kwamba ni pambo. Mpangilio huo haufai, kwa sababu magari ya bei moja mara nyingi hukaribiana kwa betri na mota, ilhali yanatofautiana sana katika mambo ambayo dereva atayagusa kila siku. Orodha ya muuzaji nayo haisaidii sana: magari yote mawili yatawekewa alama ya ndiyo kwenye mstari wa ramani, hata kama moja linapanga safari nzima na jingine linaonyesha barabara tu.

Basi anza na ramani hiyo. Ukiwa ndani ya kila gari, ingiza mwisho wa safari ulio mbali kuliko uwezo wa betri, kisha utazame gari linafanya nini bila kusaidiwa. Gari lililotengenezwa kwa makini litachagua vituo vya kuchaji, litakadiria asilimia ya chaji utakayobaki nayo kila ufikapo, litakuruhusu kuweka kiwango cha chini usichotaka kukivuka, na litakuonyesha kama chaja iko wazi au ina mtu. Uliza pia kama linaipasha betri joto kabla ya kufika kituoni, kwa kuwa betri ya lithiamu iliyopoa hupokea umeme polepole na dereva hulipia tofauti hiyo kwa kusubiri. Magari mengine huipasha betri pale tu ramani ya gari lenyewe inapoongoza kwenda kwenye chaja, na mengine yana kitufe cha kuianzisha kazi hiyo kwa mkono.

Hapo ndipo suala la kuunganisha simu linapopata uzito. Tesla na Rivian zimeuza magari yao bila CarPlay, yaani mfumo wa Apple unaoleta ramani na programu za simu kwenye skrini ya gari, na mwaka 2023 General Motors ilitangaza kwamba magari yake mapya ya umeme yangeuzwa bila CarPlay wala Android Auto, mfumo kama huo wa Google. Wengi hukataa gari kwa sababu hiyo moja, jambo ambalo mimi naliona ni haraka mno, kwani ramani ya simu isiyosoma hali ya betri haiwezi kupanga vituo vya kuchaji kwa uhakika. Yapo magari, kama Ford Mustang Mach-E, ambayo huipa ramani ya Apple taarifa za betri. Kwa mengine, mtihani wa haki ni kuuliza kama mfumo wa gari lenyewe unatosha pasipo simu.

Kisha pima skrini kwa saa, si kwa macho. Gari likiwa limesimama, mwombe mwenzako ahesabu sekunde unapobadilisha joto la ndani, unapoondoa ukungu kwenye kioo, unapobadilisha kasi ya vifuta kioo na unapoweka redio nyingine. Mwaka 2022 jarida la Vi Bilägare la Sweden lilifanya jaribio la namna hiyo kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa: Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe, ilimaliza kazi zote kwa sekunde 10, ilhali MG Marvel R, gari la umeme lenye skrini kubwa, ilihitaji karibu sekunde 45. Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, nayo imeweka masharti, kuanzia mwaka 2026, yanayozipa alama gari zenye vidhibiti vya kushikika kwa kazi za msingi kama vile honi, vifuta kioo na taa za dharura. Michezo na filamu kwenye skrini hazistahili dakika zako.

Kuhusu masasisho yanayokuja kwa intaneti, usitosheke na jibu kwamba yapo. Uliza yanafika wapi: kwenye ramani na redio tu, au hadi kwenye breki, mota na mfumo wa kuchaji? Mwaka 2018 Consumer Reports, shirika la Marekani linalopima bidhaa kwa niaba ya wanunuzi, iligundua kwamba Tesla Model 3 ilihitaji takriban mita 46 kusimama kutoka maili 60 kwa saa. Baada ya sasisho lililotumwa kwa intaneti, umbali huo ulishuka hadi mita 41 hivi. Ni magari machache yaliyojengwa kuruhusu marekebisho ya aina hiyo.

Uliza vilevile kipi utakuwa nacho baada ya miaka mitano, na upate jibu kwa maandishi. Mwaka 2022 BMW ilizusha manung'uniko kwa kutoza, katika baadhi ya nchi, ada ya kila mwezi ya kuwasha joto la viti ambalo tayari lilikuwa limefungwa garini. Mwaka 2023 iliachana na mpango huo. Mwaka 2024, nchini Uingereza, Nissan ilizima programu ya simu ya magari ya Leaf yaliyoundwa kabla ya 2016, kwa kuwa yalitegemea mtandao wa simu wa 2G. Tenga kwa hiyo vitu vilivyomo kwenye bei, vya majaribio ya muda na vya kulipiwa, kisha ujumlishe ada hizo kwenye bei kabla ya kulinganisha.

Mifumo ya kumsaidia dereva ina majina makubwa, lakini karibu yote inayouzwa iko katika ngazi ya 2, yaani dereva ndiye mwenye wajibu muda wote. Ilinganishe kwa ulaini wake kwenye kona na kwa namna inavyomrudishia dereva usukani.

Mwisho, omba kubaki na gari usiku kucha. Andika asilimia ya chaji jioni, acha kamera za ulinzi zikiwa zimewashwa, na asubuhi utazame kilichobaki kabla ya kujaribu kulifungua kwa simu iliyokatwa intaneti.